Hesabu ya Tumbaku na Hesabu ya Hospitali

Harufu iliniingia kabla sijaliona jengo. Nilikuwa nimetoka Louisville asubuhi, peke yangu kwenye gari, nimeshika barabara kuu inayopanda kuelekea Columbus na kutoka hapo hadi Buffalo, na nilikuwa nimeteremsha kioo kidogo kwa sababu nilitaka hewa. Badala ya hewa ikaja harufu tamu na nzito, kama asali iliyomwagika kwenye nyasi kavu, na nyuma yake ukali kidogo wa kuwasha pua. Nikageuza macho. Kwenye mwinuko kando ya barabara kulikuwa na jengo refu la mbao nyeusi, mbao za ubavuni zimefunguliwa nafasi nafasi, na ndani majani ya tumbaku yananing'inia vichwa chini, safu juu ya safu. Watu wa Kentucky wana jina lao la jengo hilo. Sisi tulikuwa tukiliita bani.

Nilitoka kwenye barabara kuu nikasimama kwenye kituo cha mafuta, ingawa tangi lilikuwa limejaa. Nikalizunguka gari. Nikagusa matairi yote. Mimi ni mtu wa utaratibu na matairi hayo nilikuwa nimeyakagua kabla ya kuondoka, lakini mikono ilitaka kazi.

Jioni iliyotangulia kaka yangu Selestini, anayeishi na familia yake Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, alikuwa amenipigia simu.

"Mela, majibu yametoka," alisema. "Figo zangu ziko ya nne."

"Ya nne kati ya ngapi?"

"Kati ya tano."

"Kwa hesabu ipi, kaka?"

Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Ya tumbaku, bila shaka. Baba aliuza gredi ya nne miaka mingapi, na tukala, tukavaa? Wifi yako yuko hapa anatusikiliza. Nimeshamweleza, ametulia kabisa. Tena anauliza utakuja lini na ndagala zako."

Sikuweza kusema zaidi mbele ya wifi yangu. Nilipokata simu nilikaa nikasoma kuhusu figo, kamusi pembeni, kama nilivyojifunza karibu kila kitu ninachokijua kwa Kiingereza. Figo huhesabiwa kwa kupanda. Ya kwanza ni figo zilizoanza kuguswa tu. Ya tano ni figo zilizokoma, na mwenye nazo husafishwa damu kwa mashine. Ya nne ni jirani wa mashine. Kaka alikuwa amenipa habari mbaya kwa sauti ya habari njema, na mkewe alikuwa ameipokea kama njema: gredi ya chini, lakini bado inauzika. Nisichokijua ni kama yeye mwenyewe alielewa alichoambiwa. Hilo ndilo lililonitoa Louisville, na ndilo lililonifanya niguse matairi kwenye kituo cha mafuta huku upepo ukiniletea utoto wangu puani.

Tulikulia kwenye makazi ya wakimbizi Warundi magharibi mwa Tanzania, ndani ya msitu wa miombo, ambako kila familia ililima chakula chake na kipande cha tumbaku. Majani yalikaushwa kwa moto kwenye mabani ya udongo, kisha yakaletwa kibandani kuchambuliwa. Kuchambua kulifanywa asubuhi, hewa ingali na unyevu, maana jani likikauka mno huvunjika kama biskuti. Baba aliketi kwenye kigoda katikati, sisi tukimpa jani moja moja. Alilinyoosha juu ya goti, akaliinua kwenye mwanga wa mlangoni, akalilaza kwenye fungu lake. Mafungu yalikuwa na namba, na namba zilikuwa za Kiingereza, kwa sababu siku ya soko alikuja mteuzi, yule bwana aliyepanga tumbaku ya kila mtu kwa ubora, na yeye alizitaja kwa Kiingereza: wani, tuu, thrii, foo, faivu. Ndicho Kiingereza cha kwanza nilichokijua. Nilikijua kabla ya kujua kusalimia kwa lugha hiyo.

Wani lilikuwa jani la rangi ya ganda la chungwa lililoiva, halina doa, limejaa mkononi. Baba akilipata alisema kwa upole, "Hili limefika." Faivu lilikuwa limechanika, lina ukijani, limebeba mchanga. Na chini ya faivu kulikuwa na robota ambalo mteuzi alilikataa kabisa. Hilo lilirudishwa nyumbani na mwenyewe. Kwa hiyo nilielewa kwamba namba ikiwa ndogo, kitu kimekamilika, na ikiwa kubwa, bado kina nafasi ya kurudi nyumbani.

Watoto tulicheza uteuzi. Tulichutama mstari mmoja kama marobota, na mmoja wetu akavaa kofia ya baba yake akapita akitunusa shingo na kutuvuta masikio. Selestini, aliyenizidi miaka mingi, akikubali kucheza na sisi wadogo, ndiye aliyekuwa mteuzi mkali kuliko wote.

"Wewe tuu, una doa mguuni. Wewe thrii, umelowa. Ulikojoa?"

"Si mimi, ni mdogo wangu!"

"Robota linasema! Rudisha nyumbani!"

Akifika kwangu alisimama, akanikagua nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mchanga mtupu. Faivu. Hili hata panya hatalivuta." Nililia kila mara, na kila mara nilirudi kwenye mstari, kwa sababu nilitaka siku moja aniite wani.

Yeye ndiye aliyekwenda na Baba kukata kuni za bani, ndani kabisa ya msitu, kwenye mbung'o. Msimu mmoja alirudi na kidonda chekundu mkononi. Kidonda kikapoa, ikaja homa, homa ikaondoka ikarudi, tezi za shingo zikavimba, na asubuhi moja kibandani majani yalimtoka mikononi akabaki anayatazama. Majirani walisema neno moja kwa sauti ya chini: malale, ugonjwa wa mbung'o. Baba akampakia kwenye baiskeli hadi barabarani, na kutoka hapo lori likawapeleka hospitali ya mjini. Mama na mimi tukabaki na kibanda kilichojaa tumbaku.

Baba alirudi peke yake, vumbi hadi kwenye kope. Mama hakumpa hata maji kwanza.

"Wamemwona?"

"Wamemwona. Wamemchoma sindano ya mgongo kuchota maji, wayapime. Daktari akawaambia wenzake kwa Kiingereza, lakini mimi nilisikia." Baba alijivunia sana masikio yake. "Steji wani, alisema. Nikamwuliza, akanieleza."

"Ndiyo nini?"

"Ya kwanza."

Mama akaketi chini pale pale, akafunika uso kwa kitenge, akasema, "Asante Yesu, asante Yesu." Kisha wakaingia ndani wakazungumza, na Mama alipotoka aliwasha moto huku anaimba.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa kibanda na jani mkononi. Ya kwanza. Kaka yangu alikuwa amefika. Katika hospitali nzima, malale yake ndiyo yaliyokuwa hayana doa, yameiva kuliko ya wote, na mama yangu alikuwa anaimba.

Sikumwuliza mtu. Mtoto akiwa na hakika haulizi. Lakini sikuketi tena. Nilikwenda barabarani kutazama kama kuna lori, nikarudi, nikaenda tena. Nilianza kuteka maji nikaacha ndoo kisimani. Chakula nilikila nimesimama, na Mama akasema nina siafu kwenye nguo. Kibandani nilimpa Baba majani mawili mawili, akanirudishia moja. Mwishowe nikapata swali ambalo halikuonekana kama swali langu.

"Baba, jani la wani linaweza kushuka?"

"Linaweza sana. Likilowa linashuka. Likiguswa na mchanga linashuka. Likilazwa na wenzake wabaya linashuka." Aliinua jani jingine kwenye mwanga. "Kupanda ndiko hakuwezekani."

Maneno hayo yalinipa nguvu. Kumbe kushuka ni rahisi.

Nyumbani kwetu tulisali kabla ya chakula cha jioni, tukipokezana. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ambayo nilitaka isikike mbali: "Bwana Yesu, Selestini yuko ya kwanza. Tunakuomba umfikishe ya pili. Halafu ya tatu. Ukipenda, umfikishe ya tano kabisa. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Nilipofumbua macho Mama alikuwa amesimama, mwiko mkononi, na uso nisioujua. Yeye alikuwa ameelezwa na Baba maana ya ya pili: kwamba ni ugonjwa ukishaingia kichwani, mtu anasinzia mchana na kusahau jina lake, na dawa yenyewe ni kali kiasi cha kuweza kuua.

"Nani amekutuma?" aliniuliza. "Nani amekutuma umlaani ndugu yako mbele ya chakula?"

"Mama, nataka apone."

"Apone kwa kufika ya pili?"

"Wakimkataa si atarudishwa nyumbani!"

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kucheka, akaacha, akageukia ukuta, na mabega yake yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji. Mama aliweka mwiko chini akanivuta kifuani, bado amekasirika. Baba alijaribu kunieleza kwamba ugonjwa huhesabiwa kinyume cha tumbaku. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ndivyo walivyoamua wenyewe. Jibu hilo halikunituliza hata kidogo, na nadhani hadi leo halijanituliza.

Aliyenituliza ni Selestini, aliporudi kichwa kimenyolewa, masikio yamekuwa makubwa, suruali imefungwa kwa kamba. Alikuwa ameshasimuliwa sala yangu. Alinichukua kibandani akanisimamisha mlangoni.

"Tazama," alisema. "Tumbaku tunaihesabu kuanzia kule ndani, kwenye fungu zuri analolificha Baba, tunakuja mpaka hapa mlangoni kwenye takataka. Sawa? Ugonjwa ni mgeni. Mgeni anahesabiwa kuanzia mlangoni. Ya kwanza, ameweka mguu. Ya pili, amekalia kigoda cha Baba."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu haipo."

"Mbona thrii ipo?"

"Kwa tumbaku! Wewe kichwa chako gredi gani?" Akanivuta sikio, akaninusa shingo. Nilingoja, sipumui. "Foo," akasema hatimaye. "Umepanda."

Tangu hapo ikawa mali ya nyumba yetu. Mtoto akija kusema amekuwa wa pili shuleni, mtu aliuliza, "Kwa hesabu ipi, ya tumbaku au ya hospitali?" Tuliibeba kambi hadi kambi, tukavuka nayo bahari. Domitila, mke wa Selestini, alifundishwa utani huo siku za kwanza za ndoa, kabla hata ya kuonyeshwa vyombo vinapokaa.

Columbus nilisimama kwenye duka la Mkongomani mmoja ambako kila safari ya Buffalo hununua ndagala, yaani dagaa, zilizokaushwa kwa chumvi. Nilichukua pakiti, nikakumbuka nilichosoma kuhusu figo na chumvi, nikairudisha. Nikaichukua tena. Mwenye duka alinitazama.

"Mama ya Louisville, leo hautabeba ndagala? Bon, ziko mupya, zimefika jana."

"Leo hapana, papa."

"Donc umekasirika na mimi."

"Sijakasirika. Nina haraka."

Nililipia unga na maharage nikatoka nikitembea upesi, kama mtu anayefuatwa. Kutoka hapo barabara ni ndefu na imenyooka, na kichwa hakina pa kushika. Mwalimu wetu wa Kiingereza cha watu wazima, kule Iroquois, mtaa mmoja wa Louisville, aliwahi kutupa maneno yao ya mambo haya: stage, level, grade, rank, degree. Nimeyafanyia kazi kwa muda mrefu. Sisi nasi tunayo ya kutosha, hatua, ngazi, daraja, cheo. Nilichogundua ni kwamba katika lugha zote mbili hakuna hata moja linalokuambia unahesabu kutoka upande gani. Ghalani ninakofanya kazi, shifti ya kwanza ndiyo inayogombewa na wote. Darasani, level ya kwanza ni ya wasiojua kitu. Kuungua kwa digrii ya kwanza ni wekundu wa kupaka mafuta ukaendelea na kazi. Kuua kwa digrii ya kwanza ndiko kuua kukubwa kuliko kote. Wenye lugha hawashangai, maana walizaliwa ndani ya nyumba. Mimi bado nasimama mlangoni na jani mkononi.

Nilifika Cheektowaga ndege za uwanja wa jirani zikipita chini juu ya mapaa. Domitila alinipokea kwa vigelegele, akanipokonya mfuko, akachungulia. "Maharage! Wifi, umetoka Louisville mpaka hapa kutuletea maharage?"

"Mwache," Selestini aliita kutoka kwenye kochi. "Mteuzi amefika, amekuja kukagua." Hakuinuka. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya soksi. Akanivuta sikio nilipoinama kumsalimu.

Binti yao Anjela ndiye anayewatafsiria hospitalini. Nilimfuata kwenye gereji, alikoenda kuchukua viti, nikamwuliza baba yake aliambiwa nini hasa. Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu wote, kwamba alitafsiri kila neno. Baba yake alimfanya daktari achore figo kwenye karatasi. Baba aliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote. Wanataka afanyiwe upasuaji mdogo wa mkono, mishipa iunganishwe na ipate muda wa kukomaa kabla mashine haijahitajika, na Baba amekwisha kuacha miadi ipite, kwa sababu akifungwa bandeji Mama atajua. Kanisani kwao kuna shemasi anayesafishwa damu. Kila mtu anaujua mkono wake wenye mshipa uliotuna.

"Na Mama umemwambia nini?"

"Namba tu," alisema, bado kwa Kiingereza. "Baba alisema niseme namba tu."

Kwa hiyo kaka alielewa. Alikuwa amechukua utani wetu akamfunika nao mkewe kama blanketi. Nilirudi sebuleni nikaketi kando yake. Niliinuka, nikatazama dirishani, nikaketi tena.

"Kaka," nilisema chini chini, "kwa hesabu ipi?"

Alitazama upande wa jikoni. "Mwache alale usingizi kidogo, Mela. Amefanya kazi ya kuuguza wagonjwa wa watu miaka yote hii. Akitoka kule aje kunikuta na mimi?"

"Na mkono?"

"Mkono utangoja."

"Hautangoja. Nimesoma."

"Umesoma," alisema. "Wewe umesoma kila kitu." Hakusema kwa ubaya. Akafumba macho, na nikaona jinsi ngozi ya uso wake ilivyopoteza ile rangi yake.

Domitila alileta chakula, Anjela akapanga viti. Tulisimama kuzunguka meza, isipokuwa Selestini aliyeketi. "Mgeni atuombee," alisema Domitila.

Sikuwa nimepanga. Nilifungua kinywa kushukuru kwa safari, nikashukuru, nikashukuru kwa chakula, na bado mdomo haukufunga.

"Bwana Yesu," nilisema, "Selestini yuko ya nne. Tunakuomba asifike ya tano. Tunakuomba umrudishe ya tatu. Na ya pili. Ukipenda, umrudishe ya kwanza kabisa, mlangoni, na umtoe nje."

Hakuna aliyeitikia. Ndege ilipita, vikombe vikatetemeka. Najua Domitila alifumbua macho kwa sababu macho yangu mimi hayakuwa yamefumbwa. Alinitazama mimi, akamtazama binti yake aliyeinamia meza, kisha mumewe.

"Ya hospitali?" aliuliza.

Selestini alikuwa bado amefumba macho. "Safari hii umepatia, Mela," alisema. "Amina."

Domitila alizunguka meza, akavuta kiti, akaketi karibu na mumewe. Akapandisha mkono mmoja wa shati la Selestini hadi juu ya kiwiko, kisha mwingine, akaigeuza mikono yake yote miwili kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama upande wa ndani, taratibu, kama Baba na jani.

"Wanataka upi?" aliuliza.

"Wa kushoto, Mama," akasema Anjela, kwa Kiswahili.